Je, Ni Kosa Kuondoa Doa Usoni?

Jumapili moja ya Umoja wa Wanawake nilipewa dakika kumi na tano nizungumze juu ya mwili kuwa hekalu la Mungu. Nilichagua kuzungumza juu ya mkorogo. Ni somo rahisi mbele ya kina mama, kwa sababu kila mmoja anadhani anayesemwa ni mwingine. Niliwachekesha sana. Nilieleza habari za uso wa rangi ya chungwa unaokaa juu ya shingo ya rangi ya mkaa, nikaeleza habari za sugu nyeusi za vidole ambazo hakuna krimu inayoziweza, kisha nikamalizia na methali ya mkakasi, ule ambao ndani yake ni kipande cha mti tu. Walipiga vigelegele. Nilirudi kwenye benchi nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Katika safu ya alto ya kwaya ya vijana alikuwapo binti mmoja aliyejitanda kitenge mpaka mashavuni. Nilidhani jino linamuuma. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili, wala ya tatu. Kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa na nyumba yao iko katika mtaa wangu, ilikuwa kazi yangu kwenda kumwona.

Aliniamkia kutoka ndani, nyuma ya pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hatukuoni?"

Mama yake alitoka akatuacha wawili. Ilichukua muda mrefu mpaka pazia likafunguka. Mashavu yote mawili yalikuwa na mabaka meusi, makubwa kama sarafu, mengine yameungana. Chini ya taya kulikuwa na kidonda kilichokuwa kinaanza kukauka.

Alinieleza. Chunusi za ujana zilikuwa zimemwachia madoa madogo. Mtu mmoja mwenye kibanda cha vipodozi alimwambia ipo dawa ya kubandua ngozi, mara moja tu na madoa yote yanaondoka. Alitoa kichupa kisicho na maandishi, ila namba iliyoandikwa kwa kalamu. Alimpaka, akamwambia avumilie, kwamba ukisikia moto ndipo dawa inafanya kazi. Binti akavumilia mpaka ngozi ikawa nyeupe kama imenyunyiziwa unga. Baada ya siku nne ngozi ilibanduka, na ya chini yake ilikuwa laini, ya kahawia kama ganda la karanga. Alifurahi mno. Akaenda kumsaidia mama yake kuuza nyanya juani. Wiki ya tatu madoa yakaanza kurudi, makubwa na meusi kuliko yale ya kwanza.

Kisha akaniambia maneno ambayo sijaweza kuyaondoa kichwani. "Mama, mimi sikutaka kuwa mweupe. Nilitaka uso wangu uwe wa rangi moja. Siku ile ulipozungumza, wenzangu wa kwaya waligeuka wakaniangalia."

Sikuwa na jibu. Na kuna jambo jingine, mpendwa msomaji, ambalo nisipoliandika hapa basi maandishi haya yote ni uongo. Wiki mbili kabla ya kwenda kwa binti yule, mimi mwenyewe nililala kwenye kitanda cha daktari wa ngozi, akanipaka asidi mashavuni ili kupunguza mabaka yangu. Nilikuwa na tarehe ya kurudi mara ya pili, kikaratasi chake kikiwa ndani ya mkoba uleule nilioingia nao nyumbani kwao, pamoja na Biblia. Wazee wenzangu nilikuwa nimewaambia nilikwenda kupima macho. Wahenga wana maneno makali kuhusu nyani na kundu lake. Sitayarudia, lakini nilijiambia yote njia nzima nikirudi nyumbani.

Tangu siku hiyo nimejiuliza swali ambalo nilidhani nilikuwa nimelijibu mbele ya watu mia moja: je, tunapoondoa doa usoni tunaponya, au tunamwambia Muumba kwamba alikosea?

Kwanza ni vizuri tujue doa ni nini, maana tumezoea kulihukumu bila kulifahamu. Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi zipo seli zinazotengeneza melanini, rangi ya ngozi. Mzungu na Mwafrika wana seli hizo kwa idadi inayokaribiana, ila za kwetu zinafanya kazi kwa bidii zaidi. Melanini hiyo ni mwavuli unaokinga ngozi dhidi ya jua. Ngozi ikiumia, kwa chunusi, kwa moto, kwa kukwaruzwa, seli zile hushtuka na kumwaga rangi kuliko ilivyo kawaida. Kidonda kinapona na rangi inabaki, pengine miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Kwa hiyo doa la binti yule halikuwa uchafu wala ugonjwa. Lilikuwa alama ya mwili uliojaribu kujitetea. Mabaka kama yangu yana chanzo tofauti: huja na mimba, au na baadhi ya dawa za uzazi wa mpango, na jua huyachochea. Hukaa mashavuni, kwenye paji la uso na juu ya mdomo, mara nyingi pande zote mbili kwa usawa.

Na kubandua ngozi kwa asidi ni nini? Hapa methali ya dawa ya moto kuwa ni moto ina kazi. Daktari hupaka asidi ambayo hulegeza seli zilizokufa za juu, nazo hubanduka kwa siku kadhaa na ngozi mpya huchukua nafasi. Asidi nyingine zina ndugu zake jikoni kwetu. Iliyo katika maziwa ya mgando ni mojawapo, na nyingine hupatikana katika miwa. Bibi zetu wa pwani waliomsugua bibi harusi kwa singo na kumpaka liwa hawakuhitaji kufundishwa na saluni kwamba ngozi inapenda kutunzwa. Na madaktari hawakuanza jana. Mwaka 1882 daktari Mjerumani, Paul Gerson Unna, alikwisha kuandika juu ya asidi kadhaa ambazo mpaka leo zinatumika kwa kazi hiyo.

Lakini tiba hii inaponya kwa kujeruhi, na hapo ndipo hatari ilipo kwa ngozi nyeusi. Asidi ikiwa kali mno, au ikikaa muda mrefu mno, inazama chini, na ngozi yetu inajibu jeraha hilo kama inavyojibu kila jeraha: inamwaga rangi zaidi. Wengine huota kovu nene lisilopungua. Ndiyo maana daktari mwenye ujuzi hutumia asidi hafifu kwa ngozi kama yetu, huanza na kipande kidogo, huangalia saa, huizima asidi kwa wakati, hurudia baada ya wiki kadhaa, na huagiza losheni ya kukinga jua kila asubuhi. Yule wa kibandani hakufanya hata moja kati ya hayo. Namba aliyoandika kwenye kichupa ndiyo ilikuwa kila kitu, na binti hakujua inamaanisha nini.

Kuhusu mkorogo sijabadili mawazo. Zebaki inaharibu figo, na mama anayejipaka anaweza kumdhuru hata mtoto aliye tumboni. Krimu za steroidi zikitumiwa ovyo hufanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka inaweza kuleta weusi wa bluu usioondoka. Sheria ya nchi yetu inakataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unapambana na zebaki dunia nzima. Yote hayo niliyasema kanisani na yote ni kweli.

Ila sikusema kwamba mpaka kati ya anayekimbia rangi yake na anayetaka kupona doa hauonekani kwa nje. Haidrokwinoni hiyohiyo, katika mikono ya daktari, kwa muda mfupi, hutibu mabaka. Asidi ile iliyomuunguza binti yule ni ndugu wa asidi iliyonitibu mimi. Chupa haikuambii dhambi iko wapi. Nilizungumza kana kwamba inakuambia.

Hoja ninayoisikia mara nyingi kwa wapendwa ni hii: Mungu hakukosea alipokuumba. Ni hoja nzuri, na mtu anayedharau weusi wake anapaswa kuisikia. Lakini tunaitumia kwa upendeleo. Hatumwambii mwenye mtoto wa jicho kwamba Mungu hakukosea. Hatumwambii mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda abaki hivyo ili kumheshimu Muumba. Sisi wa upande wa Kilimanjaro tumeishi chini ya kivuli cha KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, na hapo hapo kipo chuo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Makanisa yetu hayakujenga hospitali kwa imani kwamba kila kilichopo mwilini kimeagizwa kibaki. Na doa la chunusi halikuumbwa na binti yule. Lilimjia akiwa na miaka kumi na sita.

Wengine hunukuu lile neno la Yeremia kuhusu Mkushi na ngozi yake, kama fimbo ya kumpigia mwenye krimu mkononi. Msomeni Yeremia vizuri. Nabii alikuwa anazungumza na watu waliozoea uovu mpaka wakashindwa kuuacha. Ngozi ilikuwa mfano tu, na hakuidharau.

Hata hivyo siwezi kujisafisha kwa neno "matibabu". Mabaka yangu hayakuniuma. Daktari aliniambia wazi kwamba hayana madhara na ningeweza kuyaacha. Akaniuliza kwa nini nataka kuyatoa, nikajibu, "Nataka tu." Hakuendelea kuuliza. Jibu la kweli ni kwamba katika picha za harusi ya mpwa wangu nilijiona nimesimama kando ya wifi yangu, naye akasema mbele ya watu, "Wifi, umechoka sana." Nilikwenda kwa daktari kwa ajili ya sentensi moja ya wifi. Naandika hivyo na najua atasoma.

Baba watoto alikuwa na maoni yake. Mabaka hayo yalikuja na kitindamimba wetu, mimba iliyokaribia kuniua. Nilivuja damu usiku kucha, na yeye alikaa nje ya wodi mpaka alfajiri. "Mimi nikiyaona," aliniambia, "naikumbuka ile asubuhi walipokuja kuniambia mko hai wote wawili. Kwa nini unataka kufuta ushuhuda?"

Maneno hayo yalinisumbua kuliko ya wifi. Maana Bwana wetu alipofufuka alibaki na alama za misumari. Mwili ule wa utukufu ungeweza kutoka kaburini bila kovu hata moja, lakini Tomaso alionyeshwa makovu. Nikawaza, je, mimi ni nani hata nikatae yangu?

Nimekaa na swali hilo miezi mingi, na nimefika mahali ambapo pengine si kila mchungaji atakubaliana nami. Yeye aliyebaki na makovu, alipokutana na wenye ukoma njiani aliwatakasa. Hakumwambia hata mmoja aende na ngozi ile iwe ushuhuda wake. Na makovu yake mwenyewe aliyaonyesha kwa hiari, kwa rafiki aliyeyahitaji ili aamini. Ushuhuda mtu anautoa mwenyewe. Kovu ambalo mtu analazimishwa kulionyesha ili wengine wajifunze kitu, hilo ni mzigo. Nilimwambia baba watoto kwamba yeye anayakumbuka mabaka kwa macho, mimi nayabeba usoni, na kwamba nikitaka kushuhudia habari za usiku ule mdomo ninao. Alinyamaza, kisha akasema, "Sawa, mama. Lakini ushuhudie kweli." Sijawahi kushuhudia habari hiyo kanisani. Hapa ni mara ya kwanza.

Kuna kipimo ambacho wengi hukitumia, nami nilikijaribu: je, ungefanya hivyo kama asingekuona mtu ila Mungu? Nilidhani ni kipimo kizuri. Sasa nadhani ni kibovu. Hatuishi hivyo. Uso si mali ya siri kama ini. Ni mahali tunapokutana na jirani. Binti yule hakuhuzunika kwa sababu ya kioo. Alihuzunika kwa sababu alishindwa kusimama kwenye safu ya alto. Kutaka uso usiokuzuia kuimba na wenzako, mimi siuiti ubatili. Lakini basi swali linageuka na kutuelekea sisi tuliokaa kwenye mabenchi. Nani alimfanya ashindwe kusimama?

Katika Mambo ya Walawi kuna sura ndefu inayochosha, ya kumi na tatu, ambayo hatuihubiri kamwe. Nimeisoma mara nyingi siku hizi. Mtu mwenye doa aliletwa kwa kuhani, na kuhani alitakiwa kutazama. Kama hakuwa na hakika, alisubiri siku saba akatazama tena, na pengine saba nyingine. Yapo madoa ambayo baada ya kutazamwa yalitangazwa kuwa ni upele tu, na mtu alikuwa safi. Mimi si kuhani wa ukoo wa Haruni, lakini siku ile nilifanya kazi yake, nikaifanya kwa nusu dakika, kutoka mbali, kwa kitenge kilichofunika mashavu.

Niseme pia kuhusu foleni ya kliniki. Siku yangu ya pili niliketi karibu na mtoto mwenye ualbino, kofia pana, mikono mirefu ya shati mpaka viganjani. Kwake doa jipya usoni linaweza kuwa mwanzo wa saratani. Mama yake alikuwa amekuja kuchukua losheni ya Kilisun, ile inayotengenezwa pale pale KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino. Nami nilikuwa nimeambiwa ninunue losheni ya jua ili mabaka yasirudi. Niliona aibu, nikataka kuondoka. Sikuondoka. Nimeacha kudhani kwamba aibu ile ilikuwa sauti ya Mungu. Daktari hakumnyang'anya mtoto yule dakika zake ili anipe mimi. Ila fedha nilizotumia nimezipiga hesabu, na nilitoa sadaka ya shukrani ya kiasi kilekile kwa kitengo hicho. Sijui kama hiyo ni toba au ni njia ya kununua usingizi.

Nilirudi kwa binti yule. Nilimwonyesha kikaratasi changu cha kliniki kabla ya kusema lolote. Alikisoma, akanitazama mashavuni, akacheka kwa mara ya kwanza. "Kumbe na mama?" Tulikwenda pamoja. Daktari alikataa kumpaka asidi yoyote. Alisema ngozi iliyojeruhiwa iachwe ipumzike, akampa krimu ya kawaida, losheni ya jua, na amri ya kuvaa kofia sokoni, kisha akamwambia arudi baada ya miezi sita. Miezi sita kwa binti wa miaka kumi na tisa ni kama milele.

Mabaka yangu yalififia baada ya mara nne. Msimu wa palizi nilisahau kofia siku kadhaa, na sasa yanarudi taratibu, kama daktari alivyonionya. Sijaamua kama nitarudi.

Niliomba tena dakika tano katika Umoja wa Wanawake. Nikaeleza yote, macho niliyodai nilikwenda kupima na sababu iliyonipeleka. Nilitegemea kilio, au angalau kimya kizito. Bibi mmoja wa benchi la mbele, ambaye ana zaidi ya miaka sabini, alinyosha mkono na kuuliza daktari huyo anatoza shilingi ngapi. Ukumbi mzima uliangua kicheko, na katibu akaandika namba ya kliniki ubaoni.

Binti yule alirudi kwenye safu ya alto mwezi wa nne, bila kitenge, madoa yakiwa bado yapo. Wimbo ulipoanza nilikuwa namtazama. Beti la kwanza lilipita lote kabla sijatambua kwamba nilikuwa nahesabu madoa, na sikuwa nimesikia neno hata moja alilokuwa anaimba.